Sauti Nyuma ya Shuka Jeupe

Mwalimu Loisi alikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi, lakini watu wa Igamba walikijua kitabu hicho karibu sawa na walivyozijua tenzi za kanisani. Kiliitwa Mlango wa Kilima Kitupu. Kilikuwa kimetungwa Ulaya na kufasiriwa kwa Kiswahili, naye alizawadiwa na misheni alipomaliza mafunzo ya ualimu. Kila msimu wa kahawa, shule ikishafungwa kwa siku hiyo, wanawake walikaa kwenye meza za kuanikia wakichambua punje mbovu, na Loisi alisimama karibu nao akiwasomea. Alisoma kwa Kiswahili. Palipokuwa pagumu, alipafafanua kwa Kinyiha.

Hadithi yenyewe ilihusu kilima kisichoota hata jani. Jua likizama kilima kilifunguka, na watu wakaingia ndani mmoja mmoja, kimya, kila mtu akifuata sauti ya mtu anayempenda. Kijana mmoja, Hadoni, akaingia. Dada yake Selua akaingia kumtafuta, akamkuta katika mstari mrefu wa wanaume wanaoteremka gizani. Hakumwita. Alimpita, akatangulia mbele yake, na kwa kusema naye polepole akamwongoza mpaka wakatokea upande wa pili wa kilima. Maana bibi kizee mmoja alikuwa amemwonya: "Sauti iliyo mbele yako ni ya rafiki. Sauti iliyo nyuma yako ni ya mlango. Ukigeuka, umekwisha." Maneno hayo wanawake wa Igamba waliyasema hata sokoni, mtu akiitwa na mwuzaji baada ya kumpita.

Aliyeipenda hadithi hiyo kuliko wote alikuwa Marita, mama mkwe wa Loisi. Hakujua kusoma, lakini aliishika yote kwa masikio. Loisi akijaribu kuruka mstari ili wamalize mapema, Marita aliinua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Umeruka," alisema. "Hujamtaja mbwa."

Nyumba yao ilikuwa ya wanawake wawili. Zebedayo, mwana wa Marita na mume wa Loisi, alikuwa amevuka mpaka wa Tunduma kwenda kufanya kazi katika migodi ya shaba, Rodesia ya Kaskazini. Usiku wa kuamkia safari yake aliomba Loisi amsomee ule mwisho wa kitabu, na ulipoisha akaomba tena. Mwaka wa kwanza alituma barua. Wa pili alituma salamu kupitia kwa watu. Wa tatu ulikuwa unakatika bila kitu, na wawili hao waliacha kumtaja wanapokula, kwa kuwa kila aliyemtaja alimkosesha mwenzake hamu ya chakula.

Ilikuwa katikati ya uchumaji, baridi ikiwa kali na ukungu haupandi mpaka saa nne za asubuhi, Mwalimu Nikodemo aliposhuka baiskeli mbele ya darasa la Loisi.

"Mwalimu, kitabu chako kimefanywa sinema," alisema. "Gari la sinema liko Vwawa. Wataanza na picha za wadudu wa kahawa, halafu watuonyeshe hiyo."

Loisi alicheka kwanza, akidhani anataniwa. Alipoona hataniwi, chaki ikamponyoka. Siku ile alifundisha hesabu bila kujua anafundisha nini. Marita alikuwa na kikohozi, hakuweza kwenda. Loisi akapanda lori la kahawa pamoja na Nikodemo, na kitabu alikifunga ndani ya kitenge kama anayekwenda nacho ibadani.

Vwawa walikuta watu wamejaa uwanjani. Shuka jeupe lilikuwa limetandazwa kati ya nguzo mbili, na nyuma ya umati gari lilisimama na injini yake ya umeme ikiunguruma. Mkalimani alikuwa mtu wa upande wa Rodesia, jina lake Watson, mwembamba, mwenye koti refu. Aliipunguza sauti ya Kizungu ya ile picha, akasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti.

Giza lilipoingia tu, picha ya kilima ikatokea, na Loisi akahisi machozi. Kilikuwa kilima chenyewe, kitupu, chenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala. Lakini furaha haikudumu. Bibi kizee hakuwapo. Mbwa hakuwapo. Mlinzi wa mlango, ambaye kitabuni hana kope na hafumbi macho, walimfanya bwana mnene mwenye ndevu. Yote hayo Loisi aliyavumilia. Ulipofika mwisho, Selua alisimama nyuma ya ule mstari wa wanaume, akaweka mikono mdomoni, akamwita kaka yake kwa jina. Hadoni akageuka, akamwona, akarudi kwake, wakatoka kwa mlango uleule walioingilia. Watu wakapiga makofi.

Loisi hakupiga. Waliporudi kulikoegeshwa lori, alikuwa akisema peke yake.

"Wameigeuza. Nikodemo, wameigeuza. Kuita ndiko kunakoua. Hadithi nzima imesimama hapo."

"Sinema ni sinema, mwalimu," Nikodemo alisema. "Wazungu wanataka watu wakumbatiane mwishoni, basi."

"Sasa kwa nini wachukue jina la kitabu? Wangetunga yao."

"Mbona unalia?"

Loisi alipangusa uso. Hakuwa akililia kitabu. Katika ule mstari wa wanaume wanaoteremka, waliopigwa picha kwa mgongo, mmoja alikuwa na blanketi begani na bega la kushoto limeshuka. Zebedayo alivunjika bega hilo utotoni, likaungwa vibaya, na tangu hapo alitembea kama mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Mwendo ule Loisi aliujua. Aliusindikiza kwa macho siku mumewe alipoondoka, mpaka ulipopotea kwenye kona ya migomba.

Alikusudia kutosema. Lakini asubuhi, alipokuwa akimsimulia Marita jinsi walivyoiharibu hadithi, alifika kwenye mstari wa wanaume, akanyamaza.

"Umeruka," Marita akasema.

Basi akamwambia. Marita alisikiliza bila kukohoa.

"Gari hilo linakwenda wapi sasa?"

"Tunduma, nadhani. Mama, ni mtu mwingine tu. Picha imepigwa Ulaya."

"Nipeleke," alisema Marita.

Siku ya Jumamosi wakashuka Tunduma, kwa Danford, mdogo wake Marita, aliyekuwa na kibanda cha nguo na chumvi karibu na lango la forodha. Danford alikuwa mtu wa biashara, nusu ya maneno yake Kiswahili, nusu Kibemba, na wateja wake walitoka pande zote mbili za mpaka. Aliwapokea vizuri, akawapa chai, lakini aliposikia kilichowaleta alitikisa kichwa.

"Dada, umetoka Igamba na kifua hicho kuja kuangalia nguo yenye mwanga?"

"Nimekuja kumwona mwanangu," Marita alijibu, na Danford akamwongezea chai.

Alasiri Loisi alimtafuta Watson, akamkuta anafuta vioo vya mashine. Alimwamkia, akamwuliza wale wanaume wa mstarini ni akina nani.

"Mama, hiyo picha ilipigwa Ulaya, ndani ya nyumba," Watson alisema. "Kilima chenyewe ni cha mbao. Wale ni Wazungu waliojipaka masizi."

"Kuna mmoja mwenye bega la kushoto limeshuka."

Watson aliacha kufuta. "Nimeionyesha picha hii kutoka Ndola mpaka huku. Mtu wa bega sijamwona." Alimtazama Loisi kwa huruma. "Una mtu migodini?"

"Mume."

"Wengi wananiuliza hivyo. Si kwa picha hii tu. Kwa kila picha yenye watu wengi."

Jioni walichelewa kwa sababu ya kifua cha Marita. Walipofika, mbele ya shuka palijaa hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Danford aliwatafutia nafasi upande wa nyuma, walikokaa wachelewaji. Kutoka nyuma picha ilionekana vizuri, ila imegeuka: maandishi yalisomeka kinyume, kama kwenye kioo, na kilima ambacho Vwawa mlango wake ulikuwa kulia, hapa ulikuwa kushoto. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani na kupita katikati ya mwanga wa mashine. Ulipopita, ilikuwa kana kwamba kilima kinapumua.

Marita alitazama picha kwa makini. Loisi hakuitazama hadithi. Alikuwa anangoja.

Mstari ulipotokea, alihesabu migongo kwa macho, akamwona. Blanketi begani. Bega la kushoto limeshuka. Kisha akaelewa anachokiona. Kwa upande huu wa shuka kila kitu kilikuwa kimegeuka. Bega lile lilipaswa kuwa la kulia. Picha yote ilikuwa imegeuka isipokuwa mtu mmoja.

"Ni yeye," Marita alisema polepole.

"Mama, tuondoke."

"Anakwenda wapi?"

Kwenye kipaza sauti Watson alikuwa anaeleza kwamba Selua sasa ameingia kilimani. Mstari uliteremka. Mtu wa blanketi alikuwa amebakiza watu wachache mbele yake, na mbele ya hao hapakuwa na kitu ila weusi. Loisi alihisi mama mkwe wake anajiinua kwa kushika bega lake, akajua anachotaka kufanya.

Alimkamata mkono. "Usimwite. Mama, unajua hadithi. Usimwite, atageuka."

"Na ageuke," alisema Marita.

Akaita. Mwanamke yule ambaye kwa wiki nzima hakuweza kumaliza sentensi bila kukohoa aliita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Zebedayo. Zebedayo mwanangu, rudi huku."

Watu waligeuka kumtazama. Baadhi walicheka. Lakini waliokuwa upande wa nyuma, waliokuwa bado wanaangalia shuka, waliacha kucheka mmoja baada ya mwingine, kwa sababu mtu mmoja kwenye mstari alikuwa amesimama. Wenzake waliendelea kuteremka. Yeye alisimama, akageuza kichwa, halafu mwili. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi, na kinywa kiko wazi kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Hakuwaangalia watu wa mbele ya shuka. Aliwaangalia hawa wa nyuma. Alimwangalia mama yake.

Shuka likawa jeupe tupu. Kelele zikaanza, Watson akatangaza kwamba mkanda umekatika, wavumilie kidogo. Alipouunga, picha iliendelea pale ambapo Selua na Hadoni wanatoka nje, na watu wa mbele wakapiga makofi kama wale wa Vwawa.

Walipotawanyika, Loisi alikwenda kwenye gari. Watson alikuwa ameshika kipande cha mkanda mbele ya taa. Bila kuulizwa alimpa akitazame. Picha ndogo ndogo zilipangana, moja chini ya nyingine, na katika kila moja wanaume walikuwa wamempa mgongo. Hakuna aliyegeuka. Hakuna mwenye blanketi.

"Wamekwambia walichokiona, waliokaa nyuma?" Loisi aliuliza.

"Wameniambia," Watson alisema. Alikizungusha kipande kile kidoleni, akakitia mfukoni. "Kesho ningeonyesha hapahapa tena. Sitaonyesha."

Loisi hakulala vizuri kwa Danford, wala hakulala vizuri aliporudi Igamba. Marita, kinyume chake, alipata usingizi na kikohozi kikamtoka. Alikula. Alianza tena kumtaja mwanawe wakati wa chakula, kama mtu aliyechelewa shambani tu. Loisi ndiye aliyekonda. Mchana akifundisha, aliona ule uso wenye vumbi. Alikuwa na hakika moja, na hakuweza kumwambia mtu: mama mkwe wake, kwa mapenzi, alikuwa amemwua mwanawe. Sauti iliyo nyuma yako ni ya mlango. Alikuwa ameyasoma maneno hayo mara nyingi kupita kiasi, na sasa yalijisoma yenyewe kichwani mwake. Wanawake walipomwomba awasomee kwenye meza za kahawa, alisema koo linamwuma.

"Mama," alimwuliza Marita siku moja, "kwa nini uliita? Wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihisha."

Marita aliendelea kupepeta. "Nilipomzaa, nilimfundisha kugeuka nikimwita. Hicho kitabu kilimkuta ameshajua."

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha Zebedayo alipofika. Alipanda njia ya migomba adhuhuri, mchana mweupe, kwa kifimbo, akichechemea. Marita alimwona kwanza. Hakupiga yowe, aliweka ungo chini, akaenda akamshika uso kwa mikono miwili, akaushika muda mrefu. Loisi alisimama mlangoni asiweze kusogea. Alikuwa anaangalia bega. Lilikuwa la kushoto.

Siku chache Zebedayo hakusema mengi. Alikula, alilala, aliangalia mibuni. Kisha alasiri moja ya mvua, wote watatu wakiwa jikoni, aliwasimulia mwenyewe.

Mgodi uliporomoka Jumamosi moja ya msimu wa baridi, mwisho wa zamu ya mchana. Taa zilizimika. Yeye na wenzake walishikana mabega, wakaanza kutembea gizani kwa mstari, wakitafuta njia. Vumbi lilikuwa zito. Walitembea wakiamini wanapanda.

"Halafu nikasikia mama ananiita," alisema. "Nyuma yangu. Kama ananiita kutoka ng'ambo ya mto kule, niache kuchunga nirudi nyumbani. Nikasimama. Aliyekuwa mbele yangu akaniambia nisimwache, nikamwambia mama ananiita. Akaniachia. Nikageuka, nikaifuata ile sauti nikipapasa ukuta, jiwe likaniangukia mguuni, nikatambaa. Waliniokota kesho yake. Wale wa mbele hawakupatikana. Njia ile ilikuwa inateremka, tena inaishia majini."

Marita alichochea kuni, akasema tu, "Uliitika vizuri."

Mvua ilipigana na paa la nyasi. Loisi alikuwa akimwangalia mumewe na kuona hajamaliza. Alikuwa anazungusha kikombe mikononi.

"Kwa nini mlikuwa mnaelekea huko?" Loisi aliuliza. "Mliamuaje kuteremka?"

"Hatukuamua."

"Mlifuata nini, Zebedayo?"

Zebedayo aliweka kikombe chini, na Marita mwenyewe akageuka kumtazama.

"Kila mtu alisema anasikia mtu wake huko mbele," alisema hatimaye. "Mmoja alisikia mtoto wake. Mimi nilikusikia wewe, Loisi. Ulikuwa unasoma. Ulikuwa unasoma ule mwisho, polepole, kama ulivyonisomea usiku ule. Hukuruka hata neno. Nilifurahi. Nilikuwa nawavuta wenzangu waharakishe."

Loisi alisimama, akatoka, akakaa barazani mvua ikimrushia miguuni. Baada ya muda Marita alimfuata, akamfunika kwa blanketi, akakaa kando yake.

"Si wewe uliyekuwa kule," alisema.

"Ilikuwa sauti yangu, mama. Maneno yangu."

"Tumekaa misimu mingi kwenye zile meza, tukisoma kwa sauti, milango iko wazi, vilima viko hapo." Marita alielekeza kidevu kwenye ukungu. "Hatukujua nani mwingine anasikiliza. Sasa tunajua."

Tangu mwaka ule Loisi hakusoma tena kwa sauti nje ya darasa. Kitabu hakukichoma, kama wengine walivyomshauri. Alikipenda mno, na jioni nyingine alionekana nacho dirishani, midomo imefungwa, macho yakitembea. Wanawake wa Igamba walimlalamikia, wakazoea, wakarudia nyimbo zao. Nikodemo alipomletea habari kwamba gari la sinema limerudi Vwawa, na kwamba mkalimani sasa ni mtu mwingine, alimshukuru na kumkaribisha chai.

Zebedayo hakurudi migodini. Alilima kahawa kwenye mteremko chini ya nyumba, akawa mkulima mzuri. Ila lilikuwapo jambo moja, ambalo mkewe alilielewa bila kuambiwa: hakuitika tena sauti iliyotoka mbele yake. Chakula kikiiva, Loisi hakupita njia fupi inayotokea mbele yake. Alizunguka kwa juu, kwenye njia ya utelezi, mpaka awe nyuma ya mgongo wake, ndipo akamwita. Zebedayo aliacha jembe, akageuka taratibu. Alimtazama miguu kwanza, kisha uso, halafu akaja.